Mpira Watoka Kariakoo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni. Vikundi vya kusikiliza vyaombwa kulisoma tena pamoja, na kujibu maswali yaliyo mwishoni.

Viongozi wa vikundi, natumaini ubao umefutwa, chaki ipo, na kila mwanafunzi amepata pa kukaa. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya mpira wa miguu katika mji wetu wa Dar es Salaam, jambo ambalo kila mmoja wenu ana lake la kusema.

Nianze kwa maswali mawili. Swali la kwanza: Yanga wanakaa wapi? Mtu yeyote wa Magomeni atajibu upesi, Jangwani. Na Simba je? Msimbazi. Hata mtoto wa darasa la kwanza ajua. Swali la pili: wanacheza wapi? Hapo mtu huvuta pumzi kwanza, kwa sababu jibu hutegemea unauliza habari za mwaka gani. Babu atataja Ilala. Baba atataja Uwanja wa Taifa. Kijana atataja Uwanja wa Mkapa, au Chamazi, au Mwenge.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Nyumba za timu hizi mbili hazikutoka Kariakoo, lakini mchezo wenyewe umehama mara nyingi, na kila mara umekwenda mbali zaidi. Leo tutatazama mpira ulihamaje, kwa sababu gani, na ni nani aliyelipa gharama ya kuhama huko.

KIWANJA KISICHO NA MLANGO

Serikali ya Waingereza ilipoutawala mji huu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliugawa katika sehemu tatu. Wazungu walikuwa na sehemu yao karibu na bahari. Wahindi walikuwa na sehemu yao ya maduka na nyumba za mawe. Waafrika wakapewa Kariakoo. Jina lenyewe Kariakoo latokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi katika vita hivyo. Kati ya mitaa ya Wahindi na Kariakoo, serikali iliacha uwanda mtupu ili watu wasikae karibu karibu. Uwanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Basi ardhi iliyoachwa ili kutenga watu, watu wakaifanya mahali pa kukutania. Vijana walicheza mpira hapo Mnazi Mmoja. Kadhalika walicheza Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, lile tunalolivuka sisi wa Magomeni tukienda mjini kwa Barabara ya Morogoro. Viwanja hivyo havikuwa na ukuta, mlango wala tikiti. Mtu akitoka sokoni au bandarini jioni, alisimama kando ya mstari akatazama bure. Mwenye miguu alikuwa na haki ya kutazama.

Katika hali hiyo ndipo zilipozaliwa timu zetu mbili kubwa. Young Africans, ambayo watu huiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, wenzao wengine walijitenga wakaanzisha timu yao. Timu hiyo iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Mwaka 1971 ikachukua jina la Kiswahili, Simba. Ndiyo maana huitwa watani wa jadi. Walitoka katika mitaa ile ile, na mtu na ndugu yake waliweza kugawanyika, mmoja huku na mmoja kule, wakala chakula sahani moja.

Angalieni jambo moja. Timu hizi hazikuwa kazi ya tajiri fulani. Zilikuwa vyama vya watu wa mtaa, na mbali ya kucheza mpira, watu walizikiana, walisaidiana katika shida, na walipashana habari. Kwa hiyo nyumba ya timu ilikuwa mahali pa kukaa, kuzungumza na kunywa kahawa. Nyumba hiyo ilihitaji kuwa karibu na watu. Nayo imebaki karibu na watu hata leo: ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga iko kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani.

UKUTA WA ILALA

Mji ulipokuwa mdogo, kiwanja cha wazi kilitosha. Lakini mji haukubaki mdogo. Andikeni hesabu hizi katika daftari zenu. Mwaka 1948 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa yapata 69,000. Mwaka 1957 walikuwa yapata 129,000. Mwaka 1967 walikuwa yapata 272,000. Yaani kwa kila miaka kumi hivi, mji uliongezeka karibu mara mbili. Kariakoo ilijaa, Ilala ikajaa, ndipo zikapimwa sehemu mpya, zikiwamo Temeke na hapa kwetu Magomeni.

Watazamaji walipokuwa wengi, yalitokea mahitaji mawili. Kwanza, utaratibu: watu elfu kadhaa hawawezi kusimama kando ya mstari bila kuingia kiwanjani. Pili, fedha: timu yahitaji viatu, jezi, nauli ya kwenda kucheza miji mingine, na chakula cha wachezaji. Fedha hizo haziwezi kupatikana kama kila mtu atazama bure. Dawa ya mahitaji yote mawili ni moja, nayo ni ukuta wenye mlango.

Uwanja wa Ilala ulikuwa na ukuta huo. Ndio uwanja ambao baadaye ulipewa jina la Mzee Abeid Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa mwaka 1972. Mpira ukatoka uwandani ukaingia ndani ya ukuta, na mtazamaji akajifunza kununua tikiti.

Walakini Ilala haikuwa mbali. Mtu wa Kariakoo alikwenda kwa miguu akarudi kwa miguu. Mtu wa Magomeni naye alishuka bonde akapanda upande wa pili. Gharama yake ilikuwa tikiti tu. Kumbukeni neno hili, “tikiti tu,” maana tutarudi kwake.

UWANJA WA TAIFA

Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Waingereza ilishushwa na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Jambo hilo kubwa lilifanyika katika Uwanja wa Taifa, huko Chang'ombe, upande wa Temeke. Uwanja huo leo waitwa Uwanja wa Uhuru.

Nchi mpya ilihitaji uwanja mpya. Ilihitaji mahali pa kufanyia gwaride, pa kuwapokea wageni, na pa kuonyesha kwamba sisi nasi ni taifa. Mahali kama hapo hapakuweza kupatikana Kariakoo, ambako nyumba zilikuwa zimebanana. Ndipo ikachaguliwa ardhi ya nje kidogo, yenye nafasi.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland walikuwa mabingwa wa kwanza. Tangu miaka hiyo, mechi kubwa za mji huu zikawa za Uwanja wa Taifa. Wazee bado wahesabu magoli ya siku hizo kama mtu anavyohesabu watoto wake. Mwaka 1968 Yanga waliwafunga watani wao mabao matano kwa bila. Mwaka 1977 Simba walilipa, tena na faida juu yake, mabao sita kwa bila. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka sare ugenini na Stella Abidjan ya Côte d'Ivoire, kisha wakafungwa mabao mawili hapa nyumbani. Siku ile mji ulinyamaza.

Mwaka 2007 ulikamilika uwanja mwingine, mkubwa zaidi, jirani kabisa na ule wa zamani. Ulijengwa kwa msaada wa China, ujenzi wake ukaanza katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, nao una viti 60,000. Rais huyo alipofariki mwaka 2020, uwanja ulipewa jina lake.

Huenda mmoja wenu akauliza: kwa nini uwanja huo haukujengwa Jangwani au Kariakoo, karibu na wenye timu? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Kariakoo ya leo si ile ya nyumba za makuti. Soko kuu jipya lilifunguliwa mwaka 1975, na baadaye nyumba za chini zikabomolewa, yakapanda maghorofa ya maduka. Kiwanja cha nyumba moja huko sasa ni mali ya matajiri. Hakuna atakayebomoa maduka ili apande nyasi.

Sababu ya pili ni maji. Bonde la Jangwani ni njia ya Mto Msimbazi. Yanga walikuwa na kiwanja chao hapo, kilichoitwa Kaunda kwa heshima ya Rais wa kwanza wa Zambia, nacho kimefunikwa na maji mara nyingi. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wengi walipokufa na wengine kupoteza kila kitu. Baada ya hapo serikali iliwapa watu wa bondeni viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa mji. Baadhi yao walirudi mabondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini, na nauli ya kuifuata ilikuwa kubwa. Habari ya watu hao si mbali na habari yetu ya mpira.

Sababu ya tatu ni njia. Uwanja wa watu 60,000 wahitaji barabara pana na mahali pa kuweka mabasi na magari. Chang'ombe palikuwa na nafasi hiyo.

Basi yafaa tuseme kweli: kuhama huku kulikuwa na maana. Mtazamaji alipata kiti badala ya kusimama juani. Watu wa Temeke walipata uwanja mlangoni mwao. Na mwaka 2010 timu ya Brazil ilikuja kucheza na timu yetu ya taifa katika uwanja huo. Kiwanja cha vumbi cha Mnazi Mmoja kisingeweza kuipokea.

CHAMAZI

Sasa twende mbali zaidi. Ukitoka Uwanja wa Mkapa, ukashika Barabara ya Kilwa, utapita Mtoni, utapita Mbagala, kisha utaingia Chamazi. Kutoka Kariakoo ni yapata kilometa 20. Huko ndiko Azam FC, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008, ilikojenga uwanja wake yenyewe.

Azam haikuwa na nyumba ya zamani Kariakoo wala wazee wa kahawa. Ilikuwa timu ya kampuni. Lakini ilifanya jambo moja ambalo watani wa jadi, pamoja na umri wao na watu wao wengi, hawakuwa wamelifanya: ilinunua ardhi ya bei nafuu pembeni mwa mji, ikajenga. Katika msimu wa 2013 hadi 2014, Azam ikawa bingwa wa nchi bila kufungwa mechi hata moja.

Walakini kwa miaka kadhaa ya mwanzo, Azam walipokuwa wenyeji wa Simba au Yanga, mechi haikuchezwa Chamazi. Ilipelekwa Uwanja wa Taifa, kwa kuwa watazamaji wa timu hizo walikuwa wengi mno kwa uwanja wa Chamazi, ambao hauchukui zaidi ya watu 10,000 hivi. Hapo twaona kichekesho kidogo cha historia. Mwenye nyumba alilazimika kutoka nyumbani kwake, kwa sababu wageni walikuwa wengi kuliko vyumba.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 2023 Uwanja wa Mkapa ulianza kutengenezwa, na nyakati nyingine ukafungwa. Simba na Yanga wakalazimika kutafuta pa kucheza. Yanga walikwenda Chamazi. Simba walicheza Uwanja wa Uhuru, kisha nao wakaenda Chamazi. Msimu uliofuata Simba walihamia Mwenge, katika uwanja wa Manispaa ya Kinondoni unaotumiwa na timu ya KMC, na baadaye Yanga nao wakacheza huko.

Fikirini. Timu mbili kubwa kuliko zote nchini, ambazo mashabiki wake hawahesabiki, zilikwenda kupanga katika viwanja vya timu ndogo.

Mwezi Mei mwaka 2025 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wacheze na RS Berkane ya Moroko. Mechi ya pili ilikuwa ichezwe Uwanja wa Mkapa. Mvua ikanyesha, kiwanja kikajaa maji, na wakuu wa mpira wa Afrika wakaamuru mechi ipelekwe Zanzibar, Uwanja wa Amaan. Ilichezwa huko tarehe 25 Mei, ikaisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na kwa kuwa Simba walikuwa wamefungwa mabao mawili ugenini, kombe likaenda Moroko. Mwenye nauli ya boti alivuka bahari akatazama. Asiyekuwa nayo alitazama katika televisheni ya jirani.

MIJI MINGINE

Ndugu wasikilizaji, msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Tutazame miji miwili ya mbali na hapa, mmoja wa jirani na mmoja wa ng'ambo.

Kampala, mji mkuu wa Uganda, una uwanja wa zamani uitwao Nakivubo, katikati kabisa ya mji, karibu na soko kubwa la Owino. Kwa miaka mingi huo ulikuwa kama Mnazi Mmoja yao na Ilala yao pamoja. Mwaka 1997 ulifunguliwa uwanja mpya wa taifa huko Namboole, nje ya mji upande wa mashariki, nao pia ulijengwa kwa msaada wa China. Mwaka 2017 Nakivubo ulibomolewa ujengwe upya, na ulipojengwa ukazungukwa na maduka. Mwaona? Mpira ukiwa jirani na soko, soko nalo hudai ardhi.

Sasa twende Marekani, katika mji wa Detroit, mji uliosifika kwa kutengeneza magari. Huko wana timu ya mpira wa kikapu iitwayo Pistons. Mwaka 1978 timu hiyo ilitoka mjini ikaenda Pontiac, na mwaka 1988 ikahamia ukumbi mpya huko Auburn Hills, yapata kilometa 50 kutoka katikati ya Detroit. Watu wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuhama mji na kujenga pembeni, na timu ikawafuata. Mwenye gari hakuona taabu. Asiye na gari, aliyebaki mjini, alibaki na jina tu. Maana jina halikubadilishwa, timu iliendelea kuitwa Detroit. Ikatwaa ubingwa mara tatu, mwaka 1989, 1990 na 2004, yote ikiwa nje ya mji ambao jina lake ilikuwa imelivaa kifuani.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2017 Pistons walirudi katikati ya Detroit, katika ukumbi mpya. Ule ukumbi wa Auburn Hills, ambao haukutimiza hata miaka 35, ukabomolewa mwaka 2020.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kuhama ni amri ya Mungu isiyogeuzwa. Watu waliamua kutoka, na watu waliamua kurudi.

NANI MWENYE UFUNGUO?

Sasa tufanye hesabu, kama ilivyo desturi yetu. Huu ni mfano tu, kila kikundi kiweke bei inazozijua. Tuseme tikiti ni shilingi 5,000. Mtu wa Kariakoo akienda Ilala kwa miguu, gharama yake ni shilingi 5,000, basi. Mchezo ukiwa Chamazi, tuseme apanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi 700. Mara nne ni shilingi 2,800. Jumla ni shilingi 7,800. Akienda na mwanawe, gharama yaongezeka mara mbili, shilingi 15,600. Tena hatujahesabu maji ya kunywa, wala saa alizopoteza njiani, wala biashara aliyoifunga mapema.

Hizo shilingi 2,800 haziingii kwa timu, wala haziingii kwa mwenye uwanja. Mpira ukihama, bei ya tikiti yaweza kubaki ile ile, na mtu akasema, “Hakuna kilichopanda.” Lakini kimepanda. Kimepanda mahali ambapo hapaandikwi kwenye tikiti. Ndiyo sababu niliwaambia mlikumbuke lile neno “tikiti tu.”

Na mwenye kulipa si mtazamaji peke yake. Siku ya mchezo muuza jezi wa Kariakoo, muuza kahawa, na mama lishe hupata wateja karibu na nyumba ya timu asubuhi. Jioni wateja hao wako mbali, na fedha zao zatumika huko waliko. Kwa upande mwingine, mama lishe wa Mbagala amepata soko ambalo hakuwa nalo. Historia ni mizani yenye pande mbili, na mwanafunzi mzuri hutazama zote mbili.

Lakini kuna swali kubwa kuliko nauli. Ni nani anayeamua mpira uende wapi? Tutazame tena safari yetu yote. Mnazi Mmoja ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Viwanja vya Taifa, wa zamani na mpya, ni vya serikali yetu. Chamazi ni ya Azam. Uwanja wa Mwenge ni wa Manispaa. Katika safari hiyo yote, tangu mwaka 1935 hadi 2025, miaka 90, hapana mahali tunapoona Simba au Yanga wakicheza ligi katika uwanja mkubwa wa kwao wenyewe. Mipango imetangazwa zaidi ya mara moja. Yanga wametangaza kujenga Jangwani. Simba walipata kiwanja cha mazoezi huko Bunju mwaka 2019. Lakini kiwanja cha mazoezi si uwanja wa mechi, na tangazo si tofali.

Watu wa Magomeni mwaujua vizuri unyumba wa kupanga. Mpangaji aweza kukaa miaka ishirini, akazaa watoto, mtaa mzima ukamjua. Lakini mwenye nyumba akisema anatengeneza paa, mpangaji hubeba godoro lake. Hakosi heshima, anakosa ufunguo. Wazee walisema cha kuazima hakisitiri maungo, na uwanja nao ni vivyo hivyo.

Tena mwajua habari ya Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za zamani, nyumba zikabomolewa, na wenyewe wakatawanyika mjini kwa miaka mingi wakingoja. Mwaka 2022 maghorofa mapya yalifunguliwa na watu hao wakarudi. Walirudi kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa, na kila mara waliyataja mbele ya wakubwa. Mashabiki wa mpira ni wengi kuliko kaya 644, lakini mpira ulipokuwa ukihama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, hapakuwa na orodha, wala hapakuwa na aliyeulizwa.

Sisemi kwamba uwanja wa watu 60,000 ujengwe juu ya soko la Kariakoo. Jambo hilo haliwezekani, na tena lingeleta hatari. Mwezi Mei 2023, siku Yanga walipocheza fainali na USM Alger ya Algeria, mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa, penye nafasi na barabara pana. Je, ingekuwaje katika mitaa ya Kariakoo?

Ninalosema ni hili. Mji ukikua, kiwanja huhama. Mji wetu ulihesabiwa watu yapata milioni 5.4 mwaka 2022, nao hautarudi kuwa mdogo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ukihama, wahama chini ya mkono wa nani, na nauli yahesabiwa na nani? Timu iliyoanzishwa na watu wa mtaa bado ina wanachama, kadi na mikutano. Mwanachama ajuaye kusoma aweza kuomba aonyeshwe hesabu. Ajuaye kuandika aweza kuandika swali na kulitia sahihi. Aweza kuuliza: ardhi ya uwanja wetu iko wapi, hati yake ina jina la nani, na basi la kufika huko litapita wapi? Hilo ndilo faida moja ya darasa hili mnalohudhuria jioni baada ya kazi.

Ndugu wasikilizaji, somo letu limefika mwisho. Wiki ijayo tutazungumza habari za soko la Kariakoo. Haya, viongozi wa vikundi, zimeni redio, mfungue mazungumzo. Nanyi wa Simba na wa Yanga, mkae mchanganyiko. Kwaherini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Uwanda: nchi tambarare iliyo wazi.
Watani wa jadi: watu au timu zenye mashindano na mizaha ya tangu zamani.
Mpangaji: mtu akaaye katika nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi.
Hati: karatasi ya serikali inayoonyesha ardhi ni ya nani.
Msongamano: watu wengi kubanana mahali pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja haukutosha mji ulipokua?
2. Tajeni sababu tatu za kujenga uwanja mkubwa Chang'ombe badala ya Kariakoo. Ipi yaonekana kwenu kuwa na nguvu zaidi?
3. Fanyeni hesabu ya gharama ya mtu mmoja kutoka Magomeni kwenda kutazama mchezo Uwanja wa Mkapa, kisha Chamazi. Tumieni nauli za leo. Tofauti ni shilingi ngapi?
4. Ni nani aliyepata faida mpira ulipohamia pembeni mwa mji, na ni nani aliyepata hasara?
5. Andikeni barua fupi, mistari sita tu, kwa viongozi wa timu mnayoipenda, mkiuliza swali moja juu ya uwanja. Kila mtu atie sahihi yake kwa mkono wake mwenyewe.